Tunamwangalia Mtoto

Kofi lile lilisikika mpaka darasa la jirani. Watoto waliokuwa wakiimba jedwali la saba walinyamaza walipofika saba mara sita, na mwalimu wao hakuwaambia waendelee. Kwenye darasa lenyewe palikuwa na watoto hamsini na ushee, na katikati yao walimu watatu wamekaa kwenye viti walivyobeba kutoka ofisini, na ghafla kila mwalimu akawa na kitu cha kutazama: huyu daftari, yule dari.

Aliyepiga alikuwa mwalimu wa hesabu ambaye watoto walimwita Kengele, kwa sababu akikuzaba kofi sikio hulia kama kengele ya mapumziko. Walimu walilijua jina hilo na kulicheka, hata mwalimu mkuu alilicheka. Aliyepigwa alikuwa msichana wa miaka kumi wa dawati la dirishani. Na mtu mzima aliyekaa karibu naye kuliko wote, goti likigusa dawati, alikuwa mke wa Kengele mwenyewe, naye mwalimu wa hesabu, mwanamke mfupi, hodari wa kufundisha sehemu, ambaye watoto walimwita Mama Robo.

Hakukaa pale kwa bahati. Kila wiki walimu hao waliketi pamoja kutunga somo moja: swali gani liulizwe, mfano gani utumike, watoto watakosea wapi. Mmoja alilifundisha, wengine wakakaa katikati ya watoto, kila mtu na safu yake, wakitazama. Likiisha walikutana kulirekebisha, na mwingine akalifundisha upya kwenye mkondo wa pili. Mama Robo ndiye aliyeuleta utaratibu huo kutoka semina, na aliwabembeleza wenzake mpaka ulimi ukaota sugu, maana mwalimu kukaliwa darasani na mwalimu mwenzake ni kama kuvuliwa nguo sokoni. Kilichowalainisha ni sharti moja, ambalo Bibi Chaki, mkongwe wao, alilikariri kila mara kama sala: "Tunamwangalia mtoto. Hatumwangalii mwalimu."

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Kengele, na mfano ulikuwa wa mkewe. Mama ana mkate mmoja. Ana watoto wanne. Kila mtoto atapata kiasi gani? Walikuwa wamekisia makosa yote. Yupo atakayesema nne, yupo atakayesema nusu, na kila kosa waliliandalia swali la kumrudisha mtoto njiani.

"Sehemu moja ya nane," alisema msichana wa dirishani.

Hilo hawakuwa wameliandalia.

"Nane umeitoa wapi?" Kengele aliuliza, na usoni bado alikuwa na lile tabasamu la mtu anayetazamwa. "Watoto wako wangapi?"

"Wanne, mwalimu."

"Sasa?"

"Baba anakula nusu kwanza."

Kicheko cha kwanza kilimtoka Mama Robo. Kilimtoka kama chafya, hakikumwomba ruhusa. Wakafuata walimu wenzake, kisha darasa zima likaangua. Walicheka kwa sababu mtoto alikuwa sahihi: nusu ukiigawa kwa wanne unapata sehemu moja ya nane, na hata uwe na shahada tatu huwezi kubisha. Kengele hakulitazama darasa. Alimtazama mkewe kwa muda wa kumeza mate, akaiweka chaki mezani taratibu, akatembea mpaka dirishani akamzaba mtoto.

Kichwa cha msichana kiligonga fremu ya dirisha kikarudi. Hakulia. Aliinua mkono akafunika sikio la kushoto, na Mama Robo, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kumtazama mtoto huyo na si mtu mwingine, aliona damu nyembamba ikipita katikati ya vidole.

"Nani mwingine ana baba?" Kengele aliuliza darasa. Hakujitokeza mwenye baba.

&nbsp;

Kwa desturi yao aliyefundisha husema kwanza. Walikaa ofisini kuzunguka meza ndefu, na Kengele akasema.

"Mimi naona somo limekwenda vizuri. Muda ulinibana kidogo. Na safu ya dirishani nidhamu ni ndogo."

"Safu yangu waliuchora mkate vizuri," Bibi Chaki alisema. "Mmoja tu ndiye aliyekata vipande visivyolingana, nikaona anafuta mwenyewe."

Mwalimu wa sayansi, kijana aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini, alifuata. "Safu yangu walisikiliza," alisema, akatazama viatu vyake.

Ikafika zamu ya Mama Robo. Alikuwa amekaa pale anapokaa siku zote, mwisho kabisa wa meza, wenzake wote wakiwa kulia kwake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na bado akasema, "Ule mfano wa mkate una shida."

"Kweli," Bibi Chaki alidakia haraka. "Mkate una mambo ya nyumbani. Ukitaja mkate, mtoto anakuletea mama yake, anakuletea baba yake, darasa linakuwa baraza la ndoa."

"Tuweke kamba," Kengele alisema.

"Kamba! Kamba haina baba."

Basi wakaandika kamba. Kamba ya mita moja, igawanywe vipande vinne vilivyo sawa. Walibishana kwa muda mrefu na kwa moyo mkunjufu kama iwe kamba ya katani au ya nailoni. Mwalimu mkuu alipita mlangoni akawakuta vichwa vimeinamiana, akasema, "Huo ndio ushirikiano ninaoutaka." Nje, msichana alikuwa amekaa kwenye ngazi ya darasa, leso ya mwenzake ikiwa sikioni, akisubiri dada yake wa darasa la sita amrudishe nyumbani.

&nbsp;

Nyumba za walimu zilijengwa pacha, mbili zikigawana ukuta, na upande wa pili wa ukuta wao aliishi Bibi Chaki. Kwa hiyo Mama Robo alikuwa amejifunza siku nyingi kupigwa bila kelele.

Kengele alianza kwa kufunga dirisha. Binti yao wa miaka saba alikuwa sebuleni, amezipanga ndala zote za nyumba mistari miwili, anazifundisha. Aliposikia komeo alizikumbatia ndala zake kifuani akaenda nazo jikoni bila kuambiwa.

"Ulinicheka."

"Baba watoto, sikukucheka wewe. Nilicheka lile jibu."

"Mbele ya kile kivulana cha sayansi. Mimi nimesimama na chaki, mke wangu anakenua mpaka gego la mwisho."

"Lakini mtoto alikuwa sahihi, mwenzangu, hata ukipiga hesabu..."

Ngumi ilimkuta tumboni ikamkata neno. Alipoinama, Kengele alimkamata nywele akamgonga ukutani, halafu tena, kama mtu anayepigilia msumari usiotaka kuingia. Kisha likaja kofi, upande wa kushoto, palepale pa siku zote. Mwanaume huyu alitumia mkono wa kulia, na mwenye mkono wa kulia humpiga shavu la kushoto aliye mbele yake. Hiyo nayo ni hesabu. Sikio la kushoto la Mama Robo lilikufa mwaka wa pili wa ndoa yao. Daktari aliambiwa ni homa. Tangu hapo alijifunza kukaa mwisho wa benchi, kutembea kushoto kwa watu, kugeuza shingo kidogo mtu anapozungumza naye, na watu walidhani ni adabu. Mume mwenyewe hakujua ameua kitu gani, maana hakuwahi kumnong'oneza.

Alianguka. Teke la kwanza alilipokea kwa mapaja. La pili aliudaka mguu, akaung'ata juu ya kifundo kwa nguvu zake zote, mpaka akaonja chumvi ya damu. Kengele alipiga yowe, na hilo ndilo yowe pekee lililotoka katika nyumba ile siku hiyo. Alijibu kwa mkanda. Alipiga mgongo, akapiga mikono iliyofunika kichwa, akahesabu kwa sauti kama anavyohesabu darasani, na alipochoka akasahau amefika ngapi.

Upande wa pili wa ukuta, redio ya Bibi Chaki iliongezwa sauti. Mtangazaji alikuwa akisoma bei ya mahindi. Mama Robo, mikono ikiwa bado imefunika masikio, hakusikia redio, alihisi mtetemo wake mgongoni, ukutani alipoegemea.

Kengele alinawa mikono, akavuta kiti, akaanza kusahihisha madaftari. "Lile andalio la somo la kamba," alisema bila kuinua uso, "nitaliandika mimi. Mwandiko wako haueleweki."

Jikoni Mama Robo alimkuta binti yake amezipanga upya ndala sakafuni. Moja ilikuwa imewekwa kando, peke yake, uso ukutani.

"Hii imefanya nini, mwanangu?" alimuuliza mtoto, akitafuta maji ya kusukutua.

"Imecheka," mtoto alisema.

&nbsp;

Jumamosi asubuhi walisikia vioo. Vya sebuleni vilianza, kisha vya chumbani. Baba wa yule msichana alikuwa mchomeleaji wa mageti, mtu wa mabega mapana na macho mekundu ya moto wa kazi yake, na alikuja na kipande cha bomba la chuma na nusu ya mtaa nyuma yake.

"Toka! Toka nikugawie na wewe!"

Kengele alitoka. Hakuwa mwoga, hilo tumpe. Alitoka na jembe, akalirusha, likampita mchomeleaji begani likachana shati na nyama. Bomba likamshukia Kengele kwenye mkono, mfupa ukalia, halafu likamshukia mgongoni. Walianguka wote wawili juu ya vioo wakabiringika, wakigaragazana na kutafutana macho kwa vidole. Mchomeleaji alipopata nafasi ya kukaa juu, alimpiga ngumi za mdomo, moja baada ya nyingine, bila haraka. Vijana wa mtaani walishangilia kama wako mpirani.

"Kengele leo imelia!" mmoja alipaza sauti, na watu wakacheka. Baadhi yao walikuwa wanafunzi wake wa zamani.

Mchomeleaji akaliokota bomba, akaliinua kwa mikono miwili juu ya kichwa cha mwalimu. Hapo Mama Robo aliingia katikati, akamlalia mumewe kifuani. Hakufanya hivyo kwa mapenzi, na sitamsingizia. Alimwona yule msichana amesimama nyuma ya mama yake, pamba sikioni, anatazama.

"Piga, baba," alimwambia mchomeleaji. "Piga, ufungwe. Halafu huyu mtoto wako atagawiwa na nani?"

Bomba lilikaa hewani kwa muda. Kisha mchomeleaji alilitupa, akakaa chini kwenye vioo akalia kwa sauti, mtu mzima na nguvu zake, na watu wakaanza kuondoka kwa sababu hilo hawakuwa wamelifuata.

Kengele alijikokota ndani. Mama wa msichana alimsogelea Mama Robo. Alikuwa mwanamke mwembamba, khanga imefungwa kwa nguvu kiunoni, na alizungumza kwa upole uliouma kuliko bomba.

"Mwalimu, ngoma ya sikio imepasuka. Hospitali wamesema hivyo. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, akaniambia mwanangu anatoka usaha tangu mchanga, na kwamba aliteleza akajigonga dirishani. Mimi nimemnyonyesha huyu, mwalimu. Usaha huo mimi sikuuona."

Mama Robo aliokota kipande cha kioo, akakitupa kando.

"Mwanangu ameniambia Mama Robo alikuwa karibu, goti lake kwenye dawati. Sitaki vita. Huyu baba yake nilimkataza, hakusikia. Sitaki hata hela yenu. Nataka mtu mzima mmoja aseme mtoto wangu si mwongo."

"Jumatatu afisa wa elimu anakuja," Mama Robo alisema.

"Najua. Hospitali ndiyo iliyompa taarifa. Sisi hatukuitwa." Mama wa msichana alimtazama vizuri. Alikuwa amesimama kushoto kwake, na kila aliposema, shingo ya mwalimu ilizunguka kumfuata. Akayatazama mabaka ya shavuni, akayatazama michirizi mipya ya mkanda mikononi, akarudi kwenye shingo. "Mbona unageuka hivyo ninapozungumza? Mwanangu naye ameanza kugeuka hivyohivyo. Tangu Alhamisi."

Mama Robo alimtazama msichana, na msichana, ambaye alikuwa ameitwa na baba yake kutoka upande wa kushoto, alikuwa akizungusha kichwa kutafuta sauti inatoka wapi.

&nbsp;

Jumatatu mwalimu mkuu alimsubiri kwenye kibaraza.

"Mama, nisikilize kama kaka yako. Ile nyumba mnayokaa imeandikwa jina la mumeo. Akifukuzwa leo, kesho vyombo vyenu viko barabarani, na wewe mshahara wako haupangi hata chumba cha kuku. Mtoto wa watu atapona. Masikio ya watoto yanapona. Mwanamke mwenye akili anajua kufunika kombe."

"Kombe lenyewe limepasuka, mwalimu mkuu."

"Ndiyo maana ya kufunika." Akatabasamu. "Na chai ya mgeni utatusaidia wewe. Wengine hawajui kuipima sukari."

Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye kikao cha mumewe, birika mkononi. Afisa wa elimu alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani, mtu aliyekwisha kukaa kwenye vikao vingi vya namna hii na kuvichoka. Kengele alikuwa na mkono kwenye bendeji na midomo imevimba, na alionewa huruma sana. Mwalimu mkuu alieleza uvamizi wa Jumamosi kwa kirefu. Alieleza vioo, alieleza jembe bila kusema nani alilirusha.

"Tuje kwa mtoto," afisa alisema. "Mwalimu, ilikuwaje?"

Aliyefundisha akasema kwanza. "Mtoto aliteleza, mheshimiwa. Nilikuwa namfuata nimsahihishe, akashtuka, akajigonga kwenye fremu. Ni mtoto mwenye masikio mabovu."

"Darasani mlikuwa walimu wanne. Nani aliona?"

Bibi Chaki alikohoa. "Mheshimiwa, sisi tuna utaratibu wetu. Tukiwa kwenye somo la pamoja tunamwangalia mtoto, hatumwangalii mwalimu. Ndilo sharti letu. Na mimi nilikuwa na safu ya ukutani."

"Mimi nilikuwa na safu ya mlangoni," mwalimu wa sayansi alisema. Kalamu ilimtoka mkononi ikaviringika chini ya meza, akaifuata huko, akakawia.

Afisa aliandika. "Kwa hiyo hakuna aliyemwangalia mwalimu."

"Ndiyo sharti," mwalimu mkuu alisema kwa masikitiko.

Mama Robo aliweka birika mezani. Siku hiyo kiti chake cha mwisho kilikaliwa na mgeni, kwa hiyo alikuwa amebanwa katikati, mwalimu mkuu kushoto kwake na mumewe mbele yake, ng'ambo ya meza. Alimwogopa mumewe kama anavyoogopwa mbwa anayejulikana, ambaye unajua ataanza kung'ata wapi.

"Mheshimiwa, mimi nilikuwa na safu ya dirishani," alisema. "Sharti ni la kweli. Sikumwangalia mwalimu. Nilimwangalia mtoto. Nitasema nilichokiona kwa mtoto."

"Sema."

"Mtoto alijibu sehemu moja ya nane. Jibu lilikuwa sahihi. Mimi nilicheka, na kicheko hicho nitakilipia mpaka nife. Mtoto alikuwa anatabasamu, kwa sababu alidhani amefurahisha watu. Kisha tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yakaacha kutabasamu, akawa anatazama juu, kama mtu anayetazama kitu kinachokuja. Hakuteleza, mheshimiwa. Alikuwa amekaa. Mtoto aliyekaa hatelezi. Shavu lake la kushoto lilikwenda kulia, lote, pamoja na kichwa, kikagonga fremu. Vidole vinne vilibaki vimechorwa shavuni, nikavihesabu kwa sababu kazi yangu ni kuhesabu. Damu ilitoka katikati ya vidole vyake hivi viwili. Halafu mwenzake wa kushoto akamwambia 'pole', na mtoto hakugeuka. Akamwambia tena. Hakugeuka. Alikuwa anatazama midomo."

Mwalimu wa sayansi alikuwa ametoka chini ya meza na kalamu yake. Mwalimu mkuu alijiinamisha kushoto kwa Mama Robo akamnong'oneza kitu, kwa haraka, meno yamekutana. Alimaliza, akangoja, akaona hajajibiwa, akanong'ona tena.

"Mwalimu mkuu anazungumza nawe," afisa alisema.

Mama Robo aligeuka. "Amesemaje? Nisamehe, mwalimu mkuu. Umekaa upande wangu wa kushoto. Hayo uliyoninong'oneza sijapata hata neno moja. Mheshimiwa, nimejua kwamba yule mtoto hasikii kwa sababu namna anavyogeuza shingo ndiyo yangu. Mimi nimeigeuza hivi kwa miaka tisa."

Alisema hayo bila kumtaja mtu. Lakini Kengele alielewa, na alielewa kwa mara ya kwanza, kwa sababu uso wake ulifunguka kwanza kama wa mwanafunzi aliyepata jibu. Kisha ukafunga. Aliinuka kwa nguvu, meza ikasogea, vikombe vikalala, chai ya moto ikamwagika mapajani mwa mwalimu mkuu. Mkono wake wa kulia ndio uliokuwa kwenye bendeji. Akapiga kwa wa kushoto, ng'ambo ya meza, mbele ya afisa, mbele ya picha ya wahitimu ukutani, na kwa kuwa ulikuwa wa kushoto kofi lilitua kulia.

Mama Robo alianguka na kiti chake. Alikaa sakafuni na kengele kubwa ikilia kichwani, upande ule pekee uliobaki, na alishikwa na hofu ambayo hajawahi kuijua hata kwenye mkanda. Alingoja. Mlio ulipungua polepole, na chini yake akaanza kusikia chai ikidondoka kutoka mezani. Alisikia tone, akasikia lingine. Hapo ndipo alipolia, kwa furaha, mbele za watu.

Hakukuwa na aliyemshika mkono Kengele. Alikuwa amesimama mwenyewe, anautazama mkono wa kushoto kama wa mtu mwingine.

Mama Robo alijiinua akishika ukingo wa meza. Damu ilimtoka puani, akaiacha. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, jinsi alivyokuwa akiwatazama kila wiki walipotoka darasani na kuketi, na akawauliza swali lilelile aliloleta kutoka semina, ambalo kwalo walifungua kila mjadala.

"Haya, walimu wenzangu. Tumeona nini?"

Kijana wa sayansi alitazama viatu. Mwalimu mkuu alikuwa anajifuta chai. Bibi Chaki ndiye aliyenyoosha mkono, juu kabisa, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mimi nimeona," alisema, kwa sauti ndogo isiyofika mbali. "Na ya nyumbani nimekuwa nikiyasikia. Ndiyo maana huwa naongeza redio."

Mama Robo aliizungusha shingo, akauvuta mtandio wake nyuma ya sikio la kulia.

"Sema kwa sauti, bibi," alimwambia. "Sema na mheshimiwa aandike."